Meli Kubwa na Macho ya Mama

Mdogo wangu wa kiume anaamini kwamba hakuna likizo inayoshinda ya kwenye meli kubwa, na kwamba meli ikizidi ukubwa, likizo nayo inazidi utamu. Nimebishana naye juu ya jambo hili kwa simu, nikiwa dukani kwangu Rwamishenye, napima sukari, wateja wanasubiri na kujifanya hawasikii. Nimeshindwa. Wala sihitaji pole, maana aliyeumia si mimi.

Aliyeumia ni mama yetu. Anaishi Buganguzi, Muleba, kwenye kibanja alichoachiwa na marehemu baba, katikati ya migomba na mibuni. Macho yalianza kumwishia kwa pembeni. Alikuwa akigonga mlango kwa bega, akamlaumu fundi aliyeuweka. Akamwaga chai nje ya kikombe, akalaumu kikombe. Nilipompeleka hospitali, daktari alimmulika, akatuambia ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na matone tutakayopewa ni ya kuchelewesha tu. Mama hakuuliza atapofuka lini. Aliuliza kama macho yatamfikisha mpaka wajukuu waje.

Wajukuu hao ni watoto wa mdogo wangu, msichana na mvulana, waliozaliwa Ulaya anakofanya kazi na alikooa. Mama hakuwa amewaona hata mara moja. Nilikuwa namwonyesha picha zao kwenye simu yangu, anaishika karibu kabisa na pua, kisha ananirudishia.

"Kwenye simu watoto wote ni wale wale," alisema. "Mimi mtu namjua kwa anavyotembea."

Kwa hiyo mdogo wangu alipopiga simu mwaka ule na kusema kwamba Julai, shule za huko zikifungwa, walikuwa wanafikiria kuja, mama hakusikia neno "kufikiria". Alisikia Julai. Mwezi ulipoingia, bila kuniambia, aliita vijana wakamkatia mikungu ya ndizi za kukamulia, wakachimba shimo, wakalitandika majani ya mgomba, wakavundika. Kwetu mtoto akirudi kutoka mbali hapokewi kwa soda. Anakamuliwa ndizi, anapewa juisi yake ikiwa bado tamu, siku ile ile. Na ndizi ukishazivundika, huwezi kuziambia zisubiri. Zikiiva zimeiva.

Nilikuwa kwake, nimempelekea matone, mdogo wangu alipopiga tena. Niliweka simu kwa sauti ili mama asikie. Alizunguka kidogo, akauliza hali ya hewa, akauliza kahawa, mwishowe akasema kwamba mwaka huo wasingeweza kuja. Watoto walikuwa wameomba meli. Akaanza kutueleza meli hiyo, na sauti yake ikachangamka kuliko nilivyoisikia kwa muda mrefu. Ina ghorofa nyingi kupita jengo lolote la Bukoba. Ina mabwawa ya kuogelea, ina ukumbi wa michezo, ina bustani ya miti hai humo humo ndani, ina sehemu za kula kiasi kwamba unaweza kukaa safari nzima usirudie meza.

Mama alisikiliza yote. Sisi watu wa ziwa hatusikii neno meli hivi hivi; karibu kila ukoo hapa una mtu wake ambaye maji hayakumrudisha. Lakini hakumwambia aogope. Aliuliza, "Waitu, mwanangu, na hiyo meli inawapeleka wapi?"

"Inazunguka tu, mama. Inatia nanga hapa na pale, halafu inaturudisha pale pale tulipopandia."

Mama akasema, "Basi mngezungukia huku."

Mdogo wangu alicheka, akidhani ni utani. Akasema mwakani, mama, Mungu akipenda.

Ndizi zilikuwa zimeiva. Harufu yake ilikuwa imejaa uwanja mzima, na mama hakutaka zioze. Vijana walewale wakazifukua, wakazimenya, wakazikanda kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti wa kukamulia, juisi ikatoka nyingi, ya kutosha watu wa harusi. Tulikunywa tuliokuwepo, tukawagawia majirani, ikabaki. Mama yangu ni mlokole, hajaonja pombe maisha yake yote, na siku zote juisi yake ilikwisha kabla ya giza kuingia. Safari hii ililala, ikachacha yenyewe kama ilivyo desturi yake, na kesho yake uwanja wa mjane aliyeokoka ukawa na lubisi. Wanywaji wa kijiji hawakuhitaji kutumiwa mwaliko. Walikuja na vibuyu vyao, wakakaa kwenye mikeka ya kuanikia kahawa, wakamshukuru mama kwa moyo wake, na mmoja akamwombea heri mwanawe wa Ulaya kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Jumapili kanisani watu walimsalimia mama kwa upole wa kupita kiasi. Mimi nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Mama alisema tu kwamba mtumbwi lazima uoshwe vizuri kwa ajili ya mwakani.

Niliporudi Rwamishenye ndipo nilipompigia mdogo wangu na kumwambia yote niliyoyaweka moyoni. Nilimwuliza ni likizo gani hiyo ya kufungiwa ndani ya chuma pamoja na maelfu ya watu usiowajua, unakula, unalala, unazungushwa, unarudishwa. Nilimkumbusha kwamba sisi hatukukuzwa hivyo. Likizo yetu ilikuwa na mwenyewe. Shule ikifungwa tulikwenda likizo kwa bibi, au kwa shangazi, au kwa baba mdogo. Hakuna aliyekwenda likizo kwa bwawa la kuogelea.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Dada, hao maelfu nisiowajua ndio likizo yenyewe."

Akanieleza. Alisema meli ndogo angeikataa hata ya bure, maana kwenye meli ndogo mtu anakusalimia asubuhi, mchana mnakutana tena, jioni anataka kujua umetoka wapi na unafanya kazi gani. Kwenye ile kubwa hakuna anayekuuliza chochote mpaka unashuka. Alisema kazini kwake anainua mizigo ghalani zamu za usiku mwaka mzima, na zikibaki siku zake chache za kupumzika anataka azipumzike. "Nikija Buganguzi sipumziki. Naja zamu nyingine. Wewe unajua."

Nilijua, na ndiyo maana nilikasirika zaidi. Nikamwambia macho ya mama hayasubiri meli. Akasema dawa si anatumia? Nikasema dawa ni ya kuchelewesha. Akasema basi icheleweshe hadi mwakani, na akakata simu, au mtandao ulikata, sikuuliza.

Macho yalikwisha wakati wa mvua, kabla mwaka haujageuka. Mama hakunitangazia. Nilifika siku moja nikamkuta amekaa mlangoni, nikasimama mbele yake bila kusema neno, naye akaendelea kutazama migomba. Nilipomsalimia alisema, "Kumbe ni wewe," akasogea anipishe.

Mdogo wangu alitimiza ahadi yake. Julai iliyofuata walikuja wote wanne, na mama, ambaye sasa alihitaji kuelekezwa mpaka kwenye mtungi wa maji, alikuwa amewasimamia vijana kwa masikio tu hadi juisi ikatoka nzuri. Watoto waliionja, msichana akaipenda, mvulana akaitema. Ni watoto wazuri, sina la kuwasema. Kiswahili chao kilikuwa cha kubahatisha, lakini walisalimia kama walivyofundishwa njiani, na mama akaomba wasogee.

Aliwapapasa nyuso. Msichana alitulia, mikono ameibana kando, kama mtu anayepimwa na daktari. Mvulana aliikwepa mikono ya bibi yake, mikono ya jembe, akajificha kwa mama yake. Mama akashika hewa kidogo, kisha akaishusha mikono mapajani.

"Wanafananaje?" aliniuliza kwa Kihaya. "Huyu mdogo kafanana na nani?"

Nilimtazama yule mtoto. Nilitafuta paji la uso, nikatafuta masikio, nikamtazama anavyosimama na anavyokwenda, nisione mtu wetu hata mmoja. Nikasema, "Ni marehemu baba kabisa." Mama akafurahi siku nzima, na mimi siku nzima nikamkwepa kana kwamba angeweza kunisoma usoni.

Na lazima niseme kweli kuhusu yale mengine pia. Sikumwona mdogo wangu akikaa chini. Kila asubuhi watu walikuwa wameshafika uwanjani kabla hajanawa uso: mwenye mtoto wa kupeleka shule, mwenye bati lililong'olewa na upepo, wa mchango wa msiba, mwingine alikuja tu kumtazama na akakaa hadi chakula. Kutoka nyumbani hadi barabarani, mwendo mfupi tu, kulimlia nusu ya siku kwa salamu, na kila salamu ilikuwa na shida yake nyuma. Alikonda mbele ya macho yangu. Wifi yangu alikaa ndani na kitabu. Watoto waliulizana, kwa lugha yao, jambo ambalo nililielewa bila kuambiwa: tunarudi lini?

Kwa hiyo ukiniuliza leo kama meli kubwa ni likizo bora, sina ubishi tena. Ni bora. Nimeona yaliyo upande wa pili.

Alasiri ya kabla ya kuondoka kwao nilikuwa nageuza kahawa kwenye mikeka, mdogo wangu akaja kunisaidia. Halafu akaniambia, akiwa ameinama, kwamba mwakani watoto wamechagua meli tena, iliyo kubwa kuliko ile, na kwamba ameshailipia tangu kabla hawajapanda ndege ya kuja huku. Akaniomba nisimwambie mama. Atatafuta mwenyewe namna ya kumwambia, kwa simu, taratibu. Nilisimama wima. Yaliyonijia mdomoni yalikuwa mengi na hayakuwa ya mtu wa kanisani.

"Msigombane," mama alisema.

Alikuwa amekaa ubarazani, kisu mkononi, anamenya ndizi za chakula cha jioni. Kwa kumenya hakuhitaji kuona. Hatukujua kwamba sauti zetu zilimfikia.

"Waende na meli yao, mwana wange," alimwambia. "Mwaka jana ndiyo nilikuwa na haraka. Sasa sina haraka na mtu."

Mdogo wangu akasema, "Asante, mama." Alishukuru kweli. Nilimwona mabega yakimshuka, kwa mara ya kwanza tangu afike.