Kiti cha Fumino Mbele ya Rada

Fumino Kuwabara alikuwa na sauti, jamani! Hata nyumbani kwao, katika mji wa bandari wa Maizuru, kabla ya kutoka, alinyoosha kidole kwenye jiko akapaza sauti, "Gesi imezimwa, sawa!" Kisha mlangoni, "Umefungwa, sawa!" Mama yake, Bi Yasue, muuza samaki, alichoka naye.

"We mtoto, majirani wanajua umetoka kabla hata mimi sijajua."

Si wazimu. Ndivyo wanamaji wa kule wanavyofunzwa: nyoosha kidole, tazama, taja kwa sauti ulichokiona. Na kazi ya Fumino haikuwa ya mchezo. Alikuwa mwanamaji wa manowari Aotaka, meli inayolinda miji dhidi ya makombora yanayorushwa kutoka ng'ambo ya bahari. Kombora likipaa, yeye kwenye rada ndiye anayetaja liko wapi na linaelekea wapi. Huko juu hujigawa: kichwa chenye mlipuko kinaendelea na safari, ganda lililokwisha mafuta linaanguka. Ukilipiga ganda ukakiacha kichwa, umeua watu.

Basi siku moja wakafanya zoezi, nukta mbili zikatokea kwenye kioo. Katika mazoezi yote ya nyuma kichwa kilikuwa nukta ya kwanza. Fumino akanyoosha kidole, "Ya kwanza, kichwa, sawa!" Kumbe mkuu wa chumba cha rada, Hamaguchi, alikuwa amezigeuza makusudi. Meli ikalidungua ganda tupu, na kichwa, katika zoezi lile, kikaangukia Maizuru kwenyewe.

"Uliona nini?" Hamaguchi aliuliza.

"Kichwa, afande."

"Hukuona kitu. Mdomo ulitangulia, macho yakabaki nyuma. Ondoka kitini, kasuku wewe!"

Kiti akapewa mwenzake, Iwakiri. Fumino akaambiwa kwamba wakimaliza doria inayofuata anahamishiwa bohari, nchi kavu. Bi Yasue alifurahi kupita kiasi. Alitaka mwanawe awe karibu. Fumino ilimuuma, tena sana. Aliona aibu hata kula mezani na wenzake. Lakini hakukubali. "Kile kiti changu," alimwambia mama yake kabla ya kuondoka, "na nitakirudia."

Baharini, kila akimaliza zamu ya kupiga deki alikwenda kusimama nyuma ya Iwakiri, mdomo kaufunga, anatazama. Akaomba kuonyeshwa mazoezi ya zamani yaliyorekodiwa, akayatazama tena na tena mpaka macho yakamwasha. Hakutaja kitu mpaka awe amekiona kweli. Wenzake wakamcheka, "Kasuku kafiwa?" Yeye akaendelea kutazama.

Ijumaa moja, wakati wa wali na mchuzi wa kari, chakula cha melini cha kila Ijumaa, bahari ilichafuka na Iwakiri akalala hoi kwa kutapika. Ndipo king'ora kikalia. Safari hii halikuwa zoezi. Hamaguchi aliangaza macho chumba kizima.

"Kuwabara! Kaa."

Akakaa. Kombora lilipanda, likapanda, halafu nukta zikawa mbili. Mashine ikaitia alama ile ya kushoto: kichwa.

"Kichwa ni kipi?" Hamaguchi aliuliza.

Kidole kilikwishainuka chenyewe. Mdomo ulimwasha kusema "kushoto, sawa". Akauma meno.

"Bado, afande."

Watu wakageuka. Katika chumba kile hakuna aliyewahi kujibu hivyo.

"Kuwabara! Nahodha anangoja!"

"Na angoje!"

Mjini kwao king'ora nacho kilikuwa kinalia, na mama yake yuko huko. Hakubandua macho. Nukta ya kushoto ikaanza kufifia na kuwaka, kufifia na kuwaka, kama kitu kinachobiringika, vile vile maganda yalivyofanya katika mazoezi aliyoyatazama. Ya kulia imetulia tuli.

"Kushoto ni ganda! Kichwa ni cha kulia, kinapita juu, kinaishia bahari kuu. Hakigusi nchi!"

Nahodha hakufyatua. Kichwa kikatumbukia mbali sana, maji matupu, hakuna aliyeumia.

Hamaguchi akajifuta jasho. "Umemwambia nahodha angoje."

"Ndiyo, afande."

"Iwakiri akipona, atafute kiti kingine."

Waliporudi Maizuru, Bi Yasue alikuwa anakwangua samaki.

"Siku ile ya king'ora nilijibanza chini ya meza hii, nakuwaza wewe tu. Haya, bohari unaanza lini?"

"Siendi, mama. Nimerudishiwa kiti changu."

"Ala! Umefanya maajabu gani?"

Mambo ya chumba kile hayatoki nje, hata kwa mama. Fumino akafikiri.

"Nilinyamaza."

Bi Yasue akacheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. "Wewe? Unyamaze? Mwanangu, kama ni siri sema ni siri, lakini usinidanganye!"