Rudisha Tope Ndivani

Mwanangu, siku niliyoambiwa nirudishe tope ndivani naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mama yako anisamehe. Umenikumbusha wewe, jana, uliponipigia simu kutoka Suji na badala ya shikamoo ukaanza na, "Baba, masomo nayaacha."

Unayaacha! Mwaka mzima umeniimbia shahada ya uzamili, shahada ya uzamili, ya kusomea kwenye mtandao, mpaka fundi akapandishwa mlimani kufunga sola ili kompyuta yako isizimike.

Nikauliza kulikoni. Kumbe mmepangwa wanafunzi wanne muandike kazi moja, na wenzako wote ni vijana. Wanachelewa, wanaandika ovyo. Basi wewe, mwalimu mkongwe, ukachukua vipande vyao ukavisahihisha kwa maandishi mekundu, na ukawapa maksi! Yule binti wa kule Ndungu, mwalimu mwenzako, ukampa nne kwa kumi. Kisha ukaandika kazi yote peke yako, ukaituma. Mhadhiri kairudisha: hii ni ya mtu mmoja, ifanyeni upya pamoja kabla ya Ijumaa, la sivyo nyote mnapata sifuri. Sasa kwenye grupu hakuna anayekujibu, nawe umenuna.

"Niliwasaidia, baba," unasema. Hata mimi nilisema hivyo hivyo. Sikiliza basi. Nimeishia darasa la tatu, lakini nyumba hii ya bati sikuiokota.

Miaka ile ilikuwa migumu. Sabuni kwa foleni, sukari kwa kujuana. Kule tambarare shamba la mkonge likatupunguza, nikapanda mlima kurudi nyumbani mikono mitupu. Biashara ndiyo kwanza imefunguliwa, kila mtu anauza kitu Same mjini, nami nikapanda kabichi. Kabichi inataka maji. Na ndiva yetu, lile bwawa la udongo walilotuachia mababu, ilikuwa imejaa tope, haishiki maji ya kutosha hata zamu ya mtu mmoja.

Desturi unaijua: pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu, tunazoa tope pamoja. Ndiyo msaragambo. Lakini pembe haikulia, wazee wanapiga soga, kabichi zangu zinanyauka. Nikaingia ndivani peke yangu. Nilizoa, mwanangu, kwa jembe na karai, mpaka nikaiona sakafu yake. Maji yakajaa. Nikajiona mwanamume.

Mzee Kajiru, msimamizi wa ndiva, akaja akachungulia. Nikangoja sifa. Akasema, "Rudisha tope."

"Tope gani, mzee?"

"Hilo ulilotoa. Hii ilikuwa ndiva yetu. Sasa umeifanya yako."

Nikacheka, nikamwacha amesimama na fimbo yake.

Haikupita muda mvua kubwa ikanyesha, na asubuhi ukingo ukaanza kutoboka. Nikakimbia mlango hadi mlango. Namsifu, jirani yetu, alikuwa anapeta maharage uani, hata hakunyanyuka.

"Ndiva ya nani hiyo?"

"Yetu!"

"Aa! Si ya Trekta? Tumesikia kuna trekta limetoka kwenye mkonge, linafanya kazi lenyewe. Liambie lizibe."

Ukingo ukakatika nikiwa nimeukumbatia kama mjinga. Maji yakapita katikati ya kabichi zangu, yakaondoka nazo.

Kesho yake nikabeba karai, nikaanza kurudisha tope. Mzee Kajiru akanishika mkono. "Yatosha. Sasa kapulize pembe." Wakaja wote, tukaujenga ukingo upya. Walinitania mpaka jioni, na Namsifu ndiye aliyekuwa ananipokea karai, kila karai na "Haya, Trekta!" lake. Mpaka leo naona mzee alinionea kidogo. Angeweza kunieleza tu. Lakini ukingo ule haujakatika tena, maana kila apitaye akiona tundu, analiziba kwa kisigino chake. Anaziba cha kwake.

Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Methali hiyo umeiandika ubaoni mara ngapi, mwalimu? Kumbe ulikuwa unawaandikia wengine!

Sasa fanya hivi, na ufanye leo. Waandikie wenzako. Usiwaambie "samahani kwa usumbufu" kama tangazo la kukatika umeme. Sema: kazi yangu nimeifuta, tuanze. Kisha uifute kweli, maana nakujua. Mpigie binti wa Ndungu, muulize kwenye sehemu yake alitaka kusema nini, na akijibu ufunge mdomo. Pale asipoeleweka, muulize. Maksi si zako kugawa. Na wao wakikusahihisha, pokea karai. Watachelewa? Watachelewa! Hata kwenye msaragambo wapo waliofika jua limeshapanda, nao tope walizoa. Ualimu wako haupungui kwa kukaa darasani na watoto wa watu. Unapungua ukidhani darasa lote ni wewe.

Mungu wa milima hii akulainishe shingo, maana hiyo umeirithi kwangu. Akupe watu wa kukimbilia ukingo wako ukitoboka, akupe na miguu ya kukimbilia wa kwao. Siku ya mahafali nitashuka na viatu vyangu vya kanisani, na hao vijana wako nataka niwaone wamesimama nawe.

Haya, nenda. Karudishe tope.