Bibi wa Msituni

Kazi yangu hapa Bruxelles ni kutunza wazee, na kila asubuhi nachana nywele nyeupe. Kwa hiyo mkinicheka, nichekeni kidogo tu.

Jumamosi moja ya baridi kali nilikwenda kutembea msituni na Maman Zawadi, mwenzangu wa kwaya. Nilikuwa nimemtangulia. Chini ya majani makavu nikaona kichwa cha bibi, nywele nyeupe, laini, zimelala kama zimetoka kuchanwa. Nikapiga magoti, nikamfunika kwa koti langu, nikamshika mkono uliokakamaa.

“Maman, usiogope. Niko hapa.”

Kwa mazoea nikazipapasa zile nywele kuzirudisha nyuma. Zikayeyuka vidoleni. Nikaanza kulia, maana nilijua ananifia mikononi.

Maman Zawadi akafika akihema, akafunua koti, akatazama kwa muda.

“Bon. Hii ni barafu, inaotaka kama nywele ku miti ya kuoza. Donc, huyu maman yako ni kipande ya muti.”

Nikafuta machozi kwa mkono mmoja, nikamwambia nimeelewa.

Akaniangalia kwa huruma. “Alors, mukono yake utaachilia saa ngapi?”