Sauti ya Pili Mzimuni

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na nane. Hapana, nakosea, kumi na tisa. Kumi na nane nilikuwa bado Kilindoni nashona viatu. Mwaka uliofuata ndio nikahamia Baleni na sindano zangu, nikapanga chumba kwa Bi Somoe, mjane, mkulima wa mpunga.

Ukingoni mwa shamba lake palikuwa na mzimu: kibanda cha makuti kinachonifika kiunoni, ndani kitambaa cheupe na kigae cha kufukizia ubani. Zamani mpunga mpya ukikaribia kukomaa, hakuna aliyekula pepeta, ule mpunga mbichi wa kukaanga na kutwanga, mpaka mzimu utengewe kwanza. Mmoja anaweka, anasema, "Tumeleta." Mwingine anajibu, "Imepokelewa." Bila sauti ya pili, hailiki.

Siku hizi kila mtu anakula tu. Bi Somoe peke yake alikuwa hajaonja, na harufu imejaa nyumba. Miaka yote aliyemjibu alikuwa marehemu mumewe.

Akamwita Hafidhi, mtoto wa kaka yake, mwalimu wa madrasa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Neno moja tu, mwanangu, unijibie."

"Neno hilo ni shirki, shangazi. Kula, nitakula. Kujibu, sijibu."

"Ala! Tumbo lako lenyewe halijui shirki?"

Hafidhi akacheka, akaenda zake. Nami ili nimchangamshe mama wa watu, nikamweleza habari ya Mjapani mmoja niliyemshonea kandambili kule Utende, ufukwe wa watalii. Alinionyesha picha kwenye simu: kwao mungu wa mpunga ana milango myekundu, mbweha wa mawe wamevishwa vitambaa, na watu wamepanga foleni.

"Foleni!" akasema Bi Somoe. "Mimi namtafuta mmoja."

Siku ya saba tangu Hafidhi akatae, asubuhi, akanitazama. "Mzee Jumanne, una mdomo?"

"Mimi mtu wa kuja, Bi Somoe."

"Nimeuliza mdomo."

Tukaenda. Akaiweka pepeta kwenye jani la mgomba. "Tumeleta."

"Imepokelewa," nikasema, sauti nyembamba kama napiga hodi nisikojulikana.

Akachota konzi moja, akatafuna polepole, uso kaugeuzia shambani. Iliyobaki yote akanipa mimi. Nikamuuliza jambo, akajifunga kanga, akatangulia nyumbani. Kabla ya mavuno mengine akafariki. Matangani nikamuuliza Hafidhi lilelile, akanisogezea kahawa.

Hadi leo nauliza: sauti ya mtu wa kuja, nayo inahesabiwa?