Mtani Aliyeletwa na Lori la Unga

Watu wakinisikia nasema siupendi ugali wa unga wa njano hudhani ni maringo ya uzee. Waache wadhani. Mimi ule unga nilikutana nao nikiwa mjane wa siku chache, mtoto mgongoni, na matiti yamenywea.

Ilikuwa zama za Mwingereza, na kwetu kulikuwa chini ya mlima, upande wa Geita ukitokea Masumbwe. Mume wangu alikuwa amefanya kazi ya kuchimba dhahabu, tukakaa kambi ya wachimbaji mpaka nikakijua Kiswahili, kisha baba mkwe akamwita nyumbani aje kulima. Tukarudi. Mwaka ule mvua ilinyesha kana kwamba imekodiwa. Mto ukafurika, ukafuta njia ya kwenda ng'ambo, na mtama ukaoza ungali shambani.

Alasiri moja mimi na mama mkwe tulishuka bondeni kuokoa miche ya viazi, mtoto nimembeba. Mume wangu na baba yake walibaki nyumbani wakizibua mfereji uliopita nyuma ya ghala. Tulisikia mngurumo, tukadhani ni radi. Tulipoinua macho, ubavu wa mlima ulikuwa umeshuka. Nyumba zetu zote, mazizi, ghala la michembe yetu ya viazi vilivyokaushwa, kila kitu kilikuwa chini ya tope jekundu. Mama mkwe alikimbia akiita jina la mwanawe, mimi nikimfuata, na tulipofika hapakuwa na mahali pa kuanzia kuchimba.

Hapakuwa na mji chini ya mlima ule uliosalimika. Hilo ndilo neno la kushika, maana shida yetu ilitoka hapo. Kwetu mfiwa hawashi moto. Jiko huzimwa, mfiwa hukaa chini, na majirani ndio wapikao na kumlisha, mpaka marehemu azikwe na watu wanyolewe. Huendi kuomba chakula ukiwa na msiba, chakula hukufuata. Ni desturi nzuri, imewaokoa wengi wasife kwa huzuni. Ila sasa majirani walikuwa wafiwa kama sisi, na wale wa ng'ambo ambao wangetupikia walikuwa wamezuiwa na mto. Wanaume wakachimba kwa majembe, wakapata baadhi ya maiti. Wetu wawili hawakuonekana, na kila mji ulibaki na mtu wake topeni. Tukakaa, tukitafuna karanga mbichi na mihogo mibichi iliyoletwa na maji.

Ndipo msaada ukaja. Serikali ilituma mahema, na wageni kutoka Ulaya wakatuma mablanketi ya kijivu na magunia ya unga. Magunia yalishushwa kwenye garimoshi huko Shinyanga, yakaletwa kwa lori kupitia Kahama. Kila mama alipewa sufuria na unga wake, akaonyeshwa mafiga matatu mbele ya hema, akaambiwa apike. Tukapokea, tukashukuru, tukaviweka. Jioni ikafika na hakuna moshi uliofuka popote.

Wageni wakashangaa. Wakakaa kikao, wakaamua kwamba hatuupendi unga kwa sababu ni wa njano. Wakaleta mweupe. Moshi hakuna. Wakamleta mama mmoja kutoka mjini, amevaa viatu, akasimama katikati ya mahema akatufundisha kusonga ugali. Mimi binti wa Kisukuma, niliyeanza kusonga ugali sijaota meno ya ukubwani, nafundishwa namna ya kushika mwiko! Ningecheka kama ningekuwa na nguvu. Ule ugali aliousonga yule mama hakuna aliyeugusa, kwa kuwa alitusongea somo, hakutusongea msiba. Aliumwaga akaondoka amekasirika.

Mimi nilikuwa na jambo moja tu akilini. Mwanangu hakuwa amefika umri wa kutambaa, na maziwa yalikuwa yanakauka. Alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena. Nesi wa Kizungu alimwona, akawa anakuja na kikombe cha maziwa ya unga aliyoyakoroga kwenye hema lake. Mtoto akayatema. Alilijua ziwa, kikombe hakukijua. Nesi akaniambia kwa ishara, kula wewe ili yeye ale. Nilijua. Nani asiyejua?

Nikamwambia mama mkwe, "Mayu, niruhusu niwashe moto. Mtoto anaisha."

Hakunitazama. Alikuwa amekaa ameelekea mlimani kama alivyokaa tangu siku ile. "Ng'wanawane, mwanangu," akasema, "mumeo yuko kwenye tope hana kaburi. Utaota moto wewe, yeye yuko baridi?"

Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia, na nilimchukia mume wangu kwa kufa vibaya, na mlima, na mto. Lakini sikuweza kuwasha. Mkono wangu ulikataa, ingawa kiberiti nilikuwa nacho. Msije mkadhani ni mama mkwe aliyenizuia. Ningewasha moto ule, ningekuwa nimesema kwamba mume wangu si mtu.

Nikamwendea karani mkalimani aliyefuatana na Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, nikamweleza yote kwa Kiswahili, kuhusu jiko na wafiwa na majirani wa ng'ambo. Maneno yangu yalikuwa marefu, aliyompa Bwana Shauri yakawa mafupi. Jibu likarudi fupi zaidi: desturi ziwekwe kando mpaka shida iishe. Nikarudi hemani.

Lori la unga lilikuwa na dereva, mtu mfupi mwenye kofia na kaki za serikali. Alikuja na kuondoka, hakushuka, alitutazama kupitia dirishani. Sisi tuliziona kaki zake, tukasema huyu ni serikali, na serikali haina kabila. Hakuna aliyemuuliza kwao. Yeye naye, alivyokuja kusema baadaye, alingoja tumtukane kidogo kiutani ajue tunamtambua, akaona watu wamenyamaza, akadhani hatuutaki utani wake. Hivyo ndivyo watu waliokuwa wanahitajiana walivyotazamana bila kujuana, na unga ukiendelea kushushwa.

Siku moja lori lilinasa kwenye tope karibu na mahema. Mama mkwe alikuwa amekaa njiani. Dereva akatoa kichwa. "Bibi, sogea. Au nyie Wasukuma hata kuomboleza mnaombolezea barabarani, ili ng'ombe wapite wawape pole?"

Watu wakashtuka. Mama mkwe akageuza shingo taratibu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiupa mlima mgongo.

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Mzaramo, bibi. Wa pwani."

"Mzaramo," akasema mama mkwe, na sauti yake ikapanda. "Mtani wangu. Umekaa ndani ya lori, unatazama tunakufa na njaa, unatushushia magunia kama punda. Nani atupikie? Shetani?"

Yule bwana aliteremka hajafunga hata mlango. Akavua kofia, akavua shati la kaki, akalitupa kwenye usukani. Mtani haombi ruhusa msibani, na moto ambao mfiwa haruhusiwi kuuwasha, yeye huuwasha. Akaokota sufuria yetu, akakusanya kuni, akawasha moto mbele ya hema letu, halafu mbele ya hema la pili, akaenda hivyo, na yeyote aliyekuwa mtani wake akapikiwa. Huku anasonga, anawasema marehemu. Akasema baba mkwe wangu alikuwa bahili, amejifunika mlima mzima ili ng'ombe wake wasigawanywe. Akasema mume wangu alizoea sana kuchimba, ameona dhahabu huko chini, hataki kutoka. Watu wakacheka na machozi yakawatoka, na wale ambao hawakuwa wamelia tangu siku ile wakalia. Kisha akachukua jiwe, akaliweka pale nyumba yetu ilipokuwa. "Kaburi Mungu amekwisha kulichimba na kulifukia," akamwambia mama mkwe. "Mnangoja nini? Mnataka na mimi nichimbe? Mimi mvivu." Akaomba wembe.

Mama mkwe alinyolewa. Nami nikanyolewa. Ugali ulikuwa wa njano, wenye harufu ya gunia, na nilikula mpaka vidole vikaniuma kwa moto. Wageni walisimama mbali wakifurahi. Nadhani waliandika kwao kwamba tumeuzoea.

Usiku kucha nilimweka mtoto kifuani. Alivuta mara chache, akaacha. Asubuhi alikuwa mwepesi, na jua lilipopanda alikuwa amekwisha kwenda.

Lori lilikuwa bado limenasa, kwa hiyo mtani alikuwapo. Akaja akachuchumaa mbele yangu, akamtazama mtoto. Mtu aliyewatania wazee wa mji mzima alikosa la kusema. Nikaona ataondoka hivyo hivyo, na mwanangu atazikwa kimya kama kitu kilichoanguka, wakati hata baba mkwe na ubahili wake alipata neno lake.

"Mtanie," nikamwambia. "Naye ni mtu."

Akainama, akamchukua mikononi, akasimama.

"Sijaona Msukuma mvivu kama huyu," akasema. "Tangu azaliwe hajagusa chini. Hata kaburini anataka abebwe."

Akatangulia naye kuelekea mlimani, mama mkwe akamfuata. Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, na nilipokuwa nacheka maziwa yakanitoka, yakalowesha kaniki yangu mpaka kiunoni.