Ufunguo Ulionifuata Kamembe

Sikutaka kwenda. Niseme hivyo mapema, msije mkadhani niliikimbilia semina ile. Wilaya ilikuwa imetuita mjini Kamembe wakuu wa shule za msingi, tufundishwe uongozi kwa juma zima, na mimi nilikuwa na hakika kwamba shule yangu ya Nzahaha ingeanguka nikiipa kisogo hata siku moja. Kufungua ofisi ni mimi, kugawa chaki ni mimi, kupima unga na maharage ya wanafunzi ni mimi. Msaidizi wangu, Maman Feza, nilimpa maagizo mengi mpaka akaanza kutazama pembeni.

Jumatatu alfajiri nilipanda pikipiki. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, barabara tope tupu, na kwenye vilima dereva aliniomba nishuke nitembee. Mashamba ya mihogo yalikuwa kimya pande zote. Njia nzima niliwaza shule.

Kamembe ilikuwa imeamka zamani. Karibu na stendi akina mama wenye vikapu vya nyanya walikuwa wakiharakisha kwenda mpakani, wawahi soko la Bukavu. Ukumbini nilikuta wenzangu wameshaketi. Mkufunzi wetu, Madame Odette, mama mpole aliyewahi kuongoza shule huko Muganza, alianza kwa swali: kila mmoja ataje kazi moja inayofanyika shuleni kwake bila yeye. Zamu yangu ilipofika nilisema, tena kwa majivuno, kwamba kwangu haipo.

"Mzee, kidole kimoja hakivunji chawa," alisema. Watu wakacheka. Mimi nikanuna.

Mchana tuliandaliwa wali na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Nilitia mkono mfukoni kutafuta leso, nikatoa funguo. Ule wa stoo ya chakula ulikuwa humo, na stoo ile ina kufuli moja na ufunguo mmoja. Simu nilikuwa nimeizima kwa heshima ya semina. Nilipoiwasha tu, ikaita. Alikuwa Maman Feza.

"Papa Direkteri, tangu asubui tunakutafuta! Maji imechemuka mpaka imekauka. Batoto beko na njala. Neema, ule wa darasa ya pili, ameanguka pa mustari."

"Ameanguka? Yuko wapi?"

"Niko naye hapa. Nimemupa maji ya sukari, amefungula macho."

"Sasa mbona hamukuvunja kufuli?"

"Papa, kufuli yako? Nani hapa angesubutu?"

Neema namfahamu, anaishi na bibi yake, na sahani ya shule mara nyingi ndiyo sahani yake ya pekee kwa siku. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi nilikuwa nimeshika kijiko.

"Vunja, Maman."

"Mimi?"

"Wewe. Vunja sasa hivi."

Nilisukuma sahani yangu, nikatoka kutafuta pikipiki ya kunirudisha. Aibu na hofu vilinijaa pamoja. Madame Odette alinikuta mlangoni, nikamweleza yote. Safari hii hakunitania.

"Ukirudi leo, batajua kama bila wewe hakuna kitu," alisema. "Baki, Mzee. Acha bajaribu."

Nilibaki, ingawa kukaa kwenye kile kiti kulikuwa kugumu kuliko kazi zote nilizowahi kufanya. Jioni Maman Feza alinipigia: watoto wamekula, wamechelewa lakini wamekula, na Neema ameomba nyongeza. Siku zilizofuata tulifundishwa kupanga kazi, kuendesha mikutano na kugawa madaraka. Niliandika yote, ila la muhimu nilikuwa nimeshalipata: nilijenga shule ya watu wazima wanaoogopa kufuli kuliko njaa ya mtoto, kisha nikaiita nidhamu.

Ijumaa jioni nilifika Nzahaha. Mlango wa stoo ulikuwa na kufuli mpya. Maman Feza akaninyooshea ufunguo wake, na mkono wangu ukatangulia kuupokea kwa mazoea. Nikaurudisha mkono.

"Kaa nao, Maman."

Alinitazama kama mtu anayemwangalia mgonjwa. "Uko sawa, Papa?"

"Niko sawa."

Jumatatu, kabla ya chakula, miguu ilinipeleka yenyewe hadi stoo. Ndani nilisikia maharage yakimiminwa kwenye kopo. Nje Neema alikuwa wa kwanza mstarini na sahani yake, akinitazama nikiwa mikono mitupu. Nikapiga hodi.

"Karibu," alijibu Maman Feza, akaendelea kupima.