Kiungo Aliyehesabiwa kwa Kalenda Mbili

Habari ya kifo chake niliipata Jumatano asubuhi, niko ofisini hapa Jeddah, chai ya maziwa haijapoa. Alipiga simu katibu wa timu yetu, na kinyume na kawaida yake hakuanza na malalamiko. Alisema tu, "Fundi wetu katutoka. Moyo. Anasaliwa leo baada ya Alasiri." Wasomaji wangu wa siku nyingi mnamjua marehemu, ingawa sikuwahi kumtaja kwa jina na leo pia sitamtaja. Ndiye yule fundi cherehani wa Mombasa niliyemwandika kwenye safu hii misimu miwili iliyopita, nikauliza kama timu ya mpira yenye akili timamu inaweza kumsajili mtu ambaye akiinama kufunga kamba za viatu inabidi ashikwe mkono kuinuka. Mlicheka sana. Wengine mliniandikia kunipongeza, nami nikazipokea pongezi zenu bila haya. Leo nimekaa kuzirudisha.

Kwa aliye mgeni hapa, nieleze kidogo. Sisi Waswahili wa Jeddah tuna timu yetu ya Ijumaa: watoto wa familia za Unguja zilizohamia huku zamani, na ndugu zetu wa Kenya waliokuja juzi juzi kwa kazi. Riyadh nao wanayo yao. Mara moja kwa mwaka tunakutana, na anayefungwa humpikia pilau aliyemfunga. Miaka mitatu mfululizo tulipika sisi, na sababu ilikuwa mtu mmoja. Marehemu alikuwa kiungo wa Riyadh, na siku za kazi alikuwa akishona kanzu kwenye duka moja la mtaa wa Sulimaniyah huko huko. Uwanjani hakuwa na haja ya kukimbia. Alisimama katikati kama mtu anayesubiri teksi, mpira ukimfika anatazama mara moja, na mpira huo unaenda pale ambapo mabeki wetu wameondoka sasa hivi. Tulikuwa tukimpigia kelele, "Halas mzee, nenda kapumzike!" na hadi mapumziko tunakuwa tumeshafungwa mawili. Sijui nani hasa alistahili kupumzika.

Basi kafili wake, yule tajiri aliyemdhamini kikazi, akafungua duka la pili huku kwetu Baghdadiyah, akamleta yeye alisimamie. Ijumaa ya kwanza tu tukamwona amesimama pembeni mwa kiwanja chetu cha Ruwais, viatu vyake vya mpira kavifunga ndani ya kipande cha kitambaa cha kanzu. Akanijia mimi, kwa kuwa nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya usajili, cheo ambacho hakina mshahara lakini kina maneno mengi. "Nimekuja kuandikisha jina," akasema. "Kule Riyadh Ijumaa yangu ilikuwa na watu. Hapa nikishafunga duka nabaki na cherehani." Niliyasikia maneno hayo vizuri kabisa. Lakini wenye vyeo tuna tabia ya kusikia ombi na kuacha maelezo yake, na mimi nilisikia mzee anayetaka namba.

Kamati ikakaa. Kanuni yetu inasema mchezaji asizidi miaka hamsini, na tuliiweka baada ya mwenzetu mmoja kukatika kiuno akishangilia bao la wengine. Marehemu alitoa karatasi mbili. Kwa cheti chake cha kuzaliwa cha Mombasa, kinachofuata miladia, kalenda ya Kizungu, alikuwa na miaka arubaini na tisa. Kwa ikama, kibali chake cha kuishi huku, ukihesabu kwa hijria, miaka ya Kiislamu ambayo ni mifupi kidogo, alikuwa ameshavuka hamsini. Yakhe, mngetuona. Watu wazima, wenye watoto walioozwa, tumebishana juu ya kalenda tangu Alasiri hadi Magharibi. Mmoja anasema tunaishi nchi hii, tufuate kalenda yake. Mwingine anasema kiwanja tunakodi kwa mwezi wa miladia, kwa hiyo na magoti yahesabiwe kwa miladia. Kura ziligawanyika nusu kwa nusu, ikabaki yangu. Nikasema miladia. Msidhani nilikuwa na hoja. Nilichoka kukatakata vitunguu vya watu wa Riyadh. Marehemu alikuwa ameketi nje muda wote huo, na tulipomwambia, akauliza, "Kwa hivyo nimerudi kuwa kijana? Basi mwambieni na mke wangu."

Wiki iliyofuata akajitolea kutushonea jezi na bukta mpya. Tulipanga foleni dukani kwake, akatupima mmoja mmoja kwa utepe wake. Ilipofika zamu yangu akautazama utepe, akanitazama mimi, akautazama tena. "Mwenyekiti, kiuno kimeongezeka inchi nne," akasema polepole, "na ni weye wauliza umri wangu." Nilikasirika. Nikamwambia kipimo changu nakijua, ashone kile cha mwaka juzi. Akashona.

Siku ya mechi na Riyadh ilifika. Mimi nilicheza winga wa kulia, na dakika kumi za mwanzo nilikimbia mpaka nikaona nyota mchana. Akaniita. "Ndugu yangu, mbona wakimbia hivyo, kwani wafukuzwa na askari wa jawazati? Uache mpira ukimbie, huo hauchoki." Na kweli, mbele ya wale wale ndugu zake wa Riyadh, aliugawa mpira kana kwamba anagawa halua kwenye arusi, kila mtu na kipande chake. Tukawa moja moja. Kipindi cha pili, zikiwa zimebaki dakika chache, aliinua kichwa, akaniona, akaupiga mpira mrefu nyuma ya beki wao. Ulipita. Haukuguswa na mtu. Ukatoka nje karibu na kibendera cha kona, na dakika mbili baadaye Riyadh wakatufunga. Tukapika pilau mwaka wa nne.

Usiku wa hasira si mshauri mzuri wa mwandishi. Niliandika kwamba pasi ilikuwa ndefu mno, kwamba miguu ya fundi imefika Jeddah lakini macho yake kayaacha Riyadh, na kwamba timu inayosajili jana isitarajie kushinda leo. Ndiyo makala mliyoipenda. Asubuhi yake akanipigia simu. Nilijiandaa kwa ugomvi. Yeye akacheka, akasema, "Nimesoma. Umeandika vizuri, wallahi, nimecheka peke yangu dukani. Sasa niletee ile bukta niitanue." Bukta sikuipeleka.

Msimu mpya kamati ikakaa tena. Makala yangu ilikuwa imezunguka kwenye simu za watu wote, na mjumbe mmoja akaisoma kwa sauti kabla ya kufungua kikao. Safari hii hakuna aliyetaja miladia. Tulihesabu kwa ikama, tukampata na miaka hamsini na zaidi, tukalikata jina lake. Sisi ndivyo tulivyo. Mtu akienda kuposa anahesabu kwa miladia, akitaka kupishwa kiti anahesabu kwa hijria, na mwenzetu tukimhitaji ni kijana, tukimchoka ni mzee, yote ndani ya mwaka mmoja. Nilikuwa na kura yangu, nami nikainua mkono pamoja na wenzangu. Na jezi namba nane ya huyo aliyechukua nafasi yake, namba yake aliishona nani? Yeye mwenyewe, tena kwa uzi mara mbili isije ikabanduka.

Hakuacha kuja. Kila Ijumaa alikuwa kwenye benchi Ruwais, viatu kavaa, kamba kazifunga, na hakuna aliyemwambia aingie. Nilimwona kila wiki kwa misimu miwili. Nilijiambia anapenda mpira tu, kwa sababu ukijiambia hivyo huna la kufanya. Lakini mwenyewe alishaniambia kwamba kule Riyadh Ijumaa yake ilikuwa na watu. Alikuja kwetu kuomba watu, tukampa benchi.

Siku ya tatu tulimsomea hitma nyumbani kwa katibu. Timu ya Riyadh walikuja kwa gari, safari ya kutwa nzima, wote, hata wale wasiopatana. Sisi wa Jeddah, tunaokaa mtaa wa pili, hatukufika wote. Nahodha wao aliketi karibu nami, akaninong'oneza bila ubaya, "Mlituchukulia mtu wetu, mkamweka nje." Kisha, kahawa ilipopita, akaniuliza tena. "Ile pasi, sheikh. Kule kwetu tunabishana mpaka leo. Ilikuwa ndefu kweli?" Nikamwambia hapa ni kwenye hitma, mpira tuuache. Akaomba radhi. Mtu aliyekuwa hana kosa ndiye aliyeomba radhi.

Mara nyingi mmeniuliza kama timu imsajili mkongwe, nami nikajibu kwa mzaha, nikitazama magoti yake. Nilikosea pa kutazama. Mkongwe akishaingia, anayepimwa ni yule wa kuipokea pasi yake. Na hili ndilo jibu la swali la nahodha wa Riyadh, aliloliuliza mahali pake nikalikimbia. Mpira ulikuja mbele yangu hatua mbili, laini, mahali ambapo hata mtu wa umri wangu angeufikia. Nikanyoosha mguu, nikasikia mshono wa nyuma unalia, unaachia, nikasimama, nikashika bukta kwa mikono miwili, na mpira ukanipita. Yeye alikuwa fundi, aliona kwa mbali, na hakumwambia mtu. Jana nilikwenda dukani kwake Baghdadiyah na bukta ile mkononi, mwenziwe akanitolea nyingine iliyokunjwa vizuri, ina jina langu kwa kalamu. Alinishonea mwenyewe, bila kuniambia, kwa kipimo cha kweli. Imenikaa barabara. Pasi haikuwa ndefu.